Utomvu wa Ndizi

Nyie vijana mtakaosoma haya, wekeni hizo simu kando kwanza mnisikilize. Kila siku nawasikia mkibishana mji upi mzuri kuishi, Mbeya au Iringa. Huyu anasema Mbeya kuna hela, yule anasema Iringa kuna utulivu. Mnatajiana hoteli, mnatajiana lami. Mimi nimeishi miji yote miwili na sijalala hoteli hata moja. Shule yangu iliishia darasa la nne, maneno ya kupamba sina. Nitasema nilichokiona. Mkikitaka mchukue, msipokitaka mwacheni bibi na yake.

Iringa niliishi Kihesa, tangu naolewa mpaka namzika mzee wangu. Msidanganywe kwamba Iringa ni peponi. Upepo wa kule mwezi wa saba unapita chini ya mlango na kukukuta kitandani. Kila unakokwenda unapanda, na ukirudi unapanda tena, sijui ule mji waliujengaje. Maji tulikuwa tunayavizia. Mzee wangu alileta vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni, mimi nikauza sokoni, na harufu ya vitunguu haijanitoka mpaka leo nadhani. Chakula chetu kilikuwa ugali na majani, Jumapili ugali na maharage. Hatukuwa na kitu cha kumwonyesha mgeni.

Lakini Kihesa ile, ukiona wanawake wanaingia kwenye ua wa mtu wamejifunga khanga kiunoni na hawaongei kwa sauti, hukuuliza. Ulichukua unga kwenye sahani, ukafunika na kitambaa, ukaenda. Ukifika unaweka unga jikoni, unatafuta nafasi kwenye mkeka, unakaa. Mwingine anakusogezea ungo wa maharage, unachambua. Hakuna aliyekuuliza wewe ni nani wa marehemu. Ulikuwa na mikono, basi ulikuwa ndugu.

Mzee wangu alipofariki, wale wanawake walijaa sakafuni mwangu kama magunia. Walilala pale, wakapika pale, wakagombana pale kuhusu chumvi. Mmoja, jirani yangu wa ng'ambo ya michongoma, alikataa kabisa kuondoka. Nikamwambia, "Nenda kwako, una watoto." Akasema, "Watoto wana baba yao. Wewe una nani?" Nikamtandikia mkeka, maana lilikuwa swali la kweli.

Baadaye mguu ukaanza kunisumbua. Mwanangu anayeuza vipuri vya malori Mbeya akaja na gari, akasema, "Mama, huwezi kukaa peke yako huku. Twende." Vyumba vya Kihesa nikawapangisha wanafunzi wa chuo, changu nikakifunga. Nikaenda Mbeya ili nisiwe peke yangu. Kumbukeni hilo, ndiyo sababu niliyopewa.

Sasa Mbeya. Sitausema vibaya mji unaonilisha. Ardhi ya Mbeya ukitema mbegu inaota. Parachichi zinaoza chini, viazi vinamwagwa barabarani kwa magunia, mchele upo, ndizi zipo, maziwa yapo. Mvua inanyesha mpaka unaisahau rangi ya jua. Nyumba ya mwanangu iko upande wa kwenda Mbalizi. Ina vigae sakafuni, maji yanatoka ukutani, moto unawashwa kwa kuzungusha kitufe. Na kuna ukuta. Ukuta mrefu kuliko mimi, una geti la bluu, na geti lina mlango mdogo, na mlango mdogo una kufuli.

Asubuhi mwanangu anakwenda dukani, mkwe wangu anakwenda kazini, wajukuu wawili wanakwenda shule. Wanatoka mmoja mmoja, kila mmoja anasema, "Bibi, baki salama," au "Mama, chai ipo kwenye chupa," halafu kufuli linasema ka! Nabaki mimi na mbwa. Mbwa mwenyewe si wa kuongea naye, amefundishwa kubweka tu. Nilikuwa nakaa kwenye kiti upande wa jua, likiwepo, nasikiliza malori ya kwenda Tunduma yakibadilisha gia. Nikajua mlio wa lori lililobeba na lisilobeba. Nani atake kujua jambo hilo?

Kanisani nilikwenda. Kanisa kubwa, kwaya nzuri, watu wananipa mkono, "Bwana asifiwe, Bibi," halafu kila mtu anakwenda kwenye gari lake. Siku moja kupitia upenyo wa geti nikamwona mwanamke anapita na beseni kichwani. Nikamsalimia kikwetu: "Kamwene!" Akageuka huku na huku, hakuona mtu, akaongeza mwendo. Labda mpaka leo anasimulia kuwa ukuta ulimwita.

Nikaanza kufikiri jambo moja, na likawa haliondoki. Nilikuwa nafikiri: nikifa humu, nani atakaa kwenye mkeka? Gari la mwanangu halitakaa. Vigae havitalia. Sikuwa naogopa kufa, kufa ni kazi ya kila mtu. Nilikuwa naogopa kuzikwa na watu waliotazama saa.

Ndipo asubuhi moja, nyumba imeshakuwa tupu, nikasikia kilio. Kilitoka nyumba ya tatu kushuka kwenye kijito. Nikaingia jikoni, nikachota unga kwenye sahani, nikafunika. Ufunguo wa akiba nilijua unakokaa, juu ya friji. Nikafungua kufuli, nikatoka, mguu wangu ukiuma kama kawaida yake.

Turubai lilikuwa linafungwa. Wanawake wameshakaa kwenye mikeka, wengi wao wamevaa kitenge cha aina moja, ndicho cha kikundi chao cha kuzikana. Nikaweka unga, nikasema pole, nikakaa kando ya kikongwe mwenye kilemba cha zambarau. Wakanitazama. Mmoja mnene, muuza ndizi wa gengeni kama nilivyojua baadaye, akaniuliza:

"Bibi, karibu. Wewe ni wa upande upi wa marehemu?"

"Upande wa jirani," nikasema. "Natoka pale kwenye geti la bluu."

Wakatazamana. "Geti la bluu! Kumbe mle kuna bibi?"

"Nimo mwaka mzima."

"Mwaka mzima! Na sisi tulijua mle kuna mbwa na gari tu. Wale wa geti la bluu hawajawahi kukanyaga msibani, wao hutuma kwenye simu. Hela yao inafika kabla hata jeneza halijanunuliwa."

Wakacheka kidogo, cheko la msibani, la kuficha mdomo. Mimi sikucheka. Niliona aibu, maana hawakusema uongo.

"Na kabila gani, Bibi?"

"Mhehe wa Iringa."

"Jamani! Aliye karibu na kwake akafunge mbwa!"

"Waacheni," nikajibu, maana utani wa kwamba Wahehe tunakula mbwa naujua tangu utoto. "Nimewaona mbwa wenu, wamekonda. Sina haja nao."

Hapo wakacheka sawasawa, mpaka mzee mmoja wa upande wa wanaume akakohoa kutukumbusha tuko wapi. Nikasogezewa kisu na rundo la ndizi mbichi. Nikaanza kumenya.

Sisi kwetu ndizi hatukuzikulia. Nilizishika kama kiazi, nikikata ganda vipande vipande, utomvu ukinitiririka mpaka kwenye kiwiko. Wenzangu walikuwa wanapitisha kisu mara moja ganda linatoka kama koti. Sikuona kwamba kabla ya kuanza walikuwa wamepaka mafuta viganjani, utomvu usishike. Waliona kuwa mimi sijapaka, na hakuna aliyeniambia. Muuza ndizi aliniacha mpaka beseni limejaa, ndipo akanishika mkono, akauinua juu ili wote waone.

"Tazameni mkono wa Mhehe! Bibi, umemenya ndizi au umetengeneza pikipiki?"

Mikono ilikuwa myeusi mpaka kwenye kucha. Nikauliza nitumie sabuni gani, nikaambiwa hakuna sabuni, utakaa nayo hivyo mpaka ngozi yenyewe ichoke. Nikawaambia, "Uchokozi wenu nimeuona." Wakasema, "Ndaga, Bibi, ndaga," yaani asante, kama vile nimewasifu. Tukapika, tukala, tukazika. Nilirudi jioni na mgongo umekufa ganzi. Sitasema nilikuwa na furaha, ulikuwa msiba wa watu. Lakini sikusikia hata lori moja siku ile.

Mkwe wangu alinikuta jikoni. "Mama! Mikono imefanyaje?"

"Nilikuwa msibani."

"Msiba gani? Mama, mbona ule mchango nimeshatuma tangu asubuhi!" Akaleta limau, akaleta mafuta ya taa, akawa anasugua viganja vyangu kama sufuria iliyoungua. Si mtu mbaya, msimfikirie hivyo. Anaamka kabla yangu na kulala baada yangu.

Mwanangu naye akasema, "Mama, utaanguka huko kwenye matope. Watu watasema tumekutuma ukapike wakati una wajukuu."

Nikawaambia, "Mmechoka na mimi, au hamjachoka?"

"Hatujachoka, Mama."

"Basi nirudisheni Kihesa. Kule nawafahamu watakaonizika."

Zilipita siku nyingi, mwishowe mwanangu akanikatia tiketi ya basi. Mikono isiyo na kazi ila kushika kikombe cha chai ilikuwa imeshaanza kutakata, weusi umebaki kwenye mikunjo tu.

Vijana, hapa ndipo msome taratibu. Nilishuka Ipogolo, nikapanda mpaka Kihesa, upepo ukanipokea kama zamani. Wanafunzi walinisalimia vizuri, wakarudi kwenye vyumba vyao na zile nyuzi masikioni. Nilikwenda kwenye michongoma kumwita jirani yangu. Michongoma haikuwepo. Palikuwa na ukuta, na kijana nisiyemjua akaniambia yule mama alichukuliwa na binti yake, yuko Dar es Salaam, nyumba imeuzwa. Alichukuliwa. Kama mimi.

Nilikaa nikasema nitazoea. Kisha ukatokea msiba mtaa wa juu. Nikachukua unga wangu, nikafunika. Nilipofika, nikapokelewa na binti mwenye fulana yenye picha ya marehemu. Akauchungulia ule unga, akaniuliza, "Bibi, huu niupeleke wapi?" Palikuwa na viti vya plastiki vimepangwa mistari, na wapishi wa kukodi wamevaa aproni. Nikasogea upande wa majiko, nikaomba ungo nichambue hata mchele.

"Hapana, Bibi, wewe kaa. Wapishi wapo. Utaletewa chakula."

Nikakaa. Nikaletewa chakula. Mkeka haukuwepo, na kiti cha plastiki kina mikono yake miwili, kinakutenga na mwenzako. Nilitazama mikono yangu mapajani, misafi, haina kazi. Wale niliowafahamu walikuwa wawili tu, wamekaa mistari ya mbele, tukapungiana.

Nilirudi chumbani kwangu nikajua kwamba Iringa niliyokuwa naililia haikuwa inanisubiri. Si kosa la Iringa. Mji hauwezi kukaa na ungo mlangoni ukisubiri bibi mmoja. Nikampigia mwanangu, nikamwambia aje anichukue, na asiniulize kitu. Hakuniuliza. Njia nzima mpaka tumepita Makambako aliniwekea nyimbo za kanisa, nikajua anaogopa kuongea.

Mbeya mvua ilikuwa ile ile, kufuli lile lile. Siku chache baadaye nikamfuata mkwe wangu gengeni. Muuza ndizi alikuwa anampimia mtu. Aliponiona akaacha mzani, akanikamata kiganja, akakigeuza juu.

"Bibi wa mikono! Mbona imetakata? Ulikwenda wapi?"

"Kwetu."

"Kwetu ndiyo wapi? Tulikuja kukutafuta. Yule kikongwe aliyekaa karibu na wewe, mwenye kilemba cha zambarau, alifariki. Alikuwa anakutaja, Mhehe anayechonga ndizi. Tukagonga geti lenu asubuhi mpaka mkono ukauma. Mbwa akabweka. Tukaondoka." Akamtazama mkwe wangu. "Hela ilifika, lakini. Asante."

Mkwe wangu aliinamisha uso kwenye nyanya. Kilemba cha zambarau nilikikumbuka, alinipa nusu ya mkeka wake siku ile na hakuniuliza kabila. Watu walikuwa wamekuja mlangoni kuniita jina nililopewa na wao, na ndani hapakuwa na mtu.

Mnaniuliza mji upi mzuri? Bado sijui. Mchana ningali nakaa na yule mbwa, na malori bado yanapita. Wengi mtaani hawanijui, na miaka ya kujuana imebaki michache. Ila jioni ile, wote wakiwa mezani, nilisubiri mwanangu amalize kuomba. Kisha nikauondoa ufunguo wa akiba juu ya friji, nikaufunga kwenye pindo la khanga yangu, nikawaambia hivi, mkubwa na mdogo:

"Kuanzia leo, hela ya msiba haitatoka humu kabla mtu hajatoka. Zamu nitapanga mimi. Na atakayekwenda kumenya ndizi, asithubutu kupaka mafuta mikononi."