Mvua Niliyoinyesha kwa Penseli

Kimbunga kimoja cha Bahari ya Hindi nilikiongezea mvua mimi mwenyewe, kwa penseli, nikiwa jikoni kwetu Moseley, Uingereza.

Sijisifu. Naungama.

Ni mwaka 1974. Nina miaka kumi na tano, nimerudi likizo kutoka shule ya bweni, ambako heshima yangu yote ilitokana na kutia chumvi kwenye bakuli la sukari.

Kaka yangu Vuai alikuwa chuo kikuu. Kazi yake ilikuwa kuchukua vipimo vya setilaiti iliyopita juu ya kimbunga, kuvigeuza kuwa inchi za mvua ya siku moja, na kuzijaza kwenye ramani ya miraba.

Mraba wa kisiwa cha Ngazija, kule Komoro, anakoishi mama mdogo Mwanasiti, uliandikwa 4.

Nikatia 1 mbele yake.

Kumi na nne! Nilicheka mpaka nikapaliwa na chai.

Nilidhani ataona. Hakuona; akaipeleka chuoni.

Jumatatu akarudi na ramani mkononi, uso umemshuka.

"Mwalimu kasema mvua ya Ngazija nimeibuni. Kosa jengine kama hili, natolewa."

Mama akazima jiko. Akanitazama.

"Mbona leo hucheki, Kijakazi?"

Nikasema yote.

Vuai hakunipiga. Bora angenipiga. Alichukua kifutio, akaifuta ile 1 taratibu, akaenda kumweleza mwalimu kwamba ulikuwa utani wa mdogo wake.

Lakini Mama alishaingiwa na wasiwasi, akamwandikia mdogo wake Mwanasiti. Majibu yakaja baada ya wiki tatu. Vuai akayasoma kwa sauti:

"Sisi wazima, ila ukuta wa jiko umelala chini. Siku ile ya kimbunga niliacha pipa tupu uani. Kulipokucha nikatia mkono: maji dhiraa nzima."

Dhiraa! Kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Inchi kumi na nane hivi.

Hata mimi, mwongo mwenye kipaji, sikufika huko.

"Setilaiti imepunja!" nikaruka. "Kaka, peleka barua!"

"Nipeleke nini? Mwezi uliopita kumi na nne, kumbe mdogo wangu. Leo kumi na nane, kapima mama yangu mdogo kwa mkono wake. Wewe ungeniamini?"



Akaikunja barua. Akawasilisha 4.

Ramani ile imo kwenye kabati la chuo mpaka leo. Safi, haina alama ya penseli yangu hata moja. Na si kweli.

Ndugu zangu, taniani mpendavyo. Lakini msimtanie mtu kwenye kazi yake ya kuaminiwa. Uongo wangu ulifutika kwa kifutio cha peni mbili. Ukweli wa mama mdogo ndio uliokosa pa kuandikwa.