Siku Niliyosema "Siyakula"

Jamani, mkasa huu naona haya kuusimulia mpaka leo, na kama watoto wa mtaa wetu hapa Kamina wasingekuwa wananiita Papa Siyakula hadharani ningeuacha ufe kimya kimya, lakini jina limeshanikaa, basi bora muusikie kwangu kabla dada yangu mkubwa, Yaya Monique, hajawasimulia kwa chumvi zake.

Mimi ni mstaafu wa reli na nina ugonjwa wa sukari. Madaktari waliponiambia nipunguze bukari nililalamika wiki nzima (bukari, ugali wetu, bila huo siku haijaisha), lakini mke wangu, Mama Chantal, alikaza: bukari ngumi moja, lengalenga, yaani mchicha, sahani nzima, samaki wa kuchemsha, na yeye mwenyewe akala hivyo hivyo ili nisione upweke. Kila alfajiri alikaa kando yangu na kamashini ka kupima sukari ambako binti yetu Chantal alikatuma kutoka Lubumbashi, ananidunga kidole, mimi naandika namba kwenye daftari. Namba zikashuka mpaka mia na kitu. Yaya Monique yeye alikuwa akitangaza kila mahali kwamba mke wangu ananitesa kwa njaa.

Sasa Jumapili moja baada ya misa kukawa na kupima sukari katika ukumbi wa parokia, na muuguzi, Ma Odette, akaomba mtu mmoja aonyeshe watu namna ya kujipima nyumbani. Hakuna aliyenitaja. Nilinyoosha mkono mwenyewe, nikapita mbele na kamashini kangu, suti nimevaa.

"Papa Banza, uko à jeun?" akauliza, yaani tumbo tupu.

"Siyakula kintu, Ma Odette," nikajibu, yaani sijala kitu, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni.

Na sikuwa nadanganya! (Subirini kwanza.) Nikajidunga kwa madaha, nikagusisha damu kwenye kile kikaratasi, namba ikatoka, nikaisoma kwa sauti kabla sijaielewa: mia tatu na kumi na mbili.

"Kamashini kamekufa," nikasema haraka. Ma Odette akachukua kake, akanidunga kidole kingine: mia tatu na tisa.

Yaya Monique akasimama kutukumbusha aliyokuwa akitangaza. "Njo ile minyi nilisemaka! Ule mwanamuke anamupikia mudogo yangu nini?" Vichwa vyote vikageukia benchi la tatu, alipokaa Mama Chantal na daftari letu mapajani, maana alilileta awaonyeshe watu namba nzuri. Hapo ningeweza kusema neno. Badala yake nikaangalia mabati ya paa kama fundi aliyeitwa kuyatengeneza.

Ma Odette hakuwa na haraka. "Papa, asubui ulikunywa nini?"

"Chai tu."

"Na sukari?"

"Kidogo. Bijiko bine."

"Na nini ingine?"

"Beignets tano, pale karibu na gare. Lakini ile ni ya kunywea chai!" Maandazi ya pale stesheni, hayo.

"Njo bile tu?"

"Na bilazi bitatu." Viazi vitamu, vidogo, naapa.

"Si ulisema hauyakula?"

"Bukari siyagusa!" nikapaza sauti, nimeudhika kabisa.

Mlijua watu wanaweza kucheka mpaka benchi likaanguka? Lakini mnijibu nyinyi wenyewe, hapa kwetu kula ni nini? Mtu anamaliza sahani ya wali, jioni anauliza leo tutakula saa ngapi. Mimi nilikuwa nimehesabu bukari tu, mengine yote niliyaona ya kupitisha muda. Ma Odette akawageukia waliopanga mstari: "Benye kusema habayakula, banyoshe mukono tena." Ikabaki mikono miwili. Yaya Monique, aliyekuwa kwenye mstari huo huo, alikuwa anajifuta mafuta mdomoni.

Mimi nikacheka pia. Mama Chantal hakucheka. Tulitembea mpaka tukavuka reli, ndipo akasema, "Papa Chantal, sukari si kintu, itashuka. Bantu bote baliniangalia minyi, na weye ulinyamaza."

Kesho yake alfajiri kamashini kalikuwa mezani peke yake. Nikajidunga mwenyewe, vibaya, mara tatu. Kisha nikafungua daftari, nikaandika ile mia tatu na kumi na mbili, na chini yake chai, vijiko vinne, beignets tano, viazi vitatu, na mwisho: Mama Chantal hakupika hata kimoja katika hivi. Jumapili iliyofuata nikausoma ukurasa huo ukumbini, nimesimama pale pale, mbele ya Yaya Monique na wote waliocheka. Hapo hakucheka mtu.

Nimeapa kwamba kila kinachopita mdomoni mwangu nitakiita chakula, na kwamba sitanyamaza tena mke wangu akiangaliwa vile. Alfajiri ya Jumatatu alirudi kukaa kando yangu, akanishika kidole.

"Umekula?"

"Siyakula," nikasema. Akaniangalia. "Jana jioni karanga sita," nikaongeza.

Akanidunga, kwa nguvu kidogo kuliko kawaida.