Viatu Vikae Sura ya Mwisho

Nyumba ya marehemu Salih pale kijijini Kestenik imekatwa katikati kwa ukuta wa mbao. Upande unaopata jua anakaa Asine, binti mkubwa, aliyekuwa karani wa posta. Upande wa kivuli anakaa Naile, mdogo wake, aliyechuma tumbaku tangu utotoni mpaka mgongo ukagoma. Wote wajane, watoto wao wamehamia Hispania. Uani kuna bomba moja la maji, na ugomvi wa siku huanzia hapo.

Naile alipotangaza kwamba anaandika kitabu cha maisha yake, Asine alikuwa bombani anajaza ndoo.

"Kitabu?" alisema. "Wewe jina lako tu unaliandika kama mtu anayechimba viazi."

"Basi nitachimba."

Alichimba kweli, majira yote ya baridi, kwa kalamu ya risasi, mezani karibu na jiko la kuni. Velichko, mtunza nyumba ya kusomea ya kijiji, alimwahidi kwamba kitabu kikishapigwa taipu atakitia jalada na kukiweka rafuni, watu wasome. Shida ni kwamba taipureta ya Kestenik ni moja tu, nayo ni ya Asine, aliyoibeba kutoka posta siku aliyostaafu.

Asine alikubali kupiga. Majirani walishangaa. Naile hakushangaa. Alijua dada yake anataka kukisoma kabla kijiji hakijakisoma.

Sura ya kwanza ya Naile ilikuwa juu ya viatu. Mwaka mmoja utotoni mwalimu alimchagua yeye kwenda shule ya bweni mjini, na baba yao akamnunulia viatu vyeusi vya kamba. Asubuhi ya safari Naile alitoka kumuaga mbuzi wake. Aliporudi, Asine alishapanda lori, miguuni ana viatu vile. Baba akaangalia lori, akaangalia shamba, akasema, "Haya, mmoja anatosha." Naile akavaa mabuti ya mpira ya mama yake, akaenda kuchuma.

Karatasi ziliporudi zimepigwa vizuri, Naile alizisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Sura ya kwanza sasa ilianza: "Nilizaliwa wakati wa theluji." Viatu havikuwepo. Alivitafuta mpaka akavikuta katikati, kati ya mwaka wa ukame na harusi ya mjomba, vimefinywa hivi: "Mwaka huo dada alikwenda kusoma, mimi nikabaki nyumbani."

Alizichukua zote, akaenda kugonga ukuta kwa ngumi.

"Asine! Viatu vyangu viko wapi?"

"Vipo. Nimepanga kwa miaka. Kitabu kinaenda kwa miaka, kama kalenda."

"Umevificha."

"Nimepunguza domo. Uanze kitabu kwa kunitukana mimi, nani atasoma mpaka mwisho?"

"Watasoma wote. Wanakujua."

Sauti ya Asine ikaja karibu kabisa, kama ameweka mdomo kwenye ufa.

"Sikiliza, we Naile. Kikianza na viatu, sipigi hata herufi. Na kama hutaki miaka, utakipangaje? Utakichuma kama tumbaku?"

Akacheka peke yake. Naile alikaa na tusi lile siku kadhaa, akilitafuna.

Tumbaku hakuna anayeichuma shina kwa shina. Unapita mstari mzima ukichukua majani ya chini tu, yale yanayogusa udongo, shina la kwanza mpaka la mwisho. Unarudi tena, unachukua ya katikati. Ya juu, madogo yenye kunata, makali kuliko yote, unayaacha yaive, unayachuma mwisho. Ukiyachanganya kwenye kamba moja ya kukaushia, yanaoza. Naile aliwahi kuyachanganya alipokuwa msichana, akapigwa mbele ya watu.

Akatoa sindano ndefu ya kutungia majani, akaanza kutunga karatasi. Kamba ya kwanza, kazi: shamba, mazizi, jikoni kwa mama mkwe, miaka yote toka mwanzo mpaka uzee. Akarudi mwanzo. Kamba ya pili, watu: mama, harusi, mume aliyeingia mgodini na mapafu mazima akatoka nayo yamejaa vumbi, watoto na basi la Hispania. Kamba ya tatu ilikuwa na sura moja. Akazitundika kibandani ilipokuwa ikikaukia tumbaku, akamwita dada yake.

Asine alikagua, mikono kiunoni. Viatu vilikuwa mwisho kabisa.

"Mwishoni, eeh? Umepata akili uzeeni."

"Piga basi."

Alipiga kamba ya kwanza huku anaimba. Kamba ya pili hakuimba. Siku moja alimfuata Naile aliyekuwa anajaza ndoo bombani, karatasi mkononi, uso umemvimba.

"Mbona kila mahali miguu? Shambani mabuti ya mama. Harusini viatu vya kuazima. Kwenye mazishi ya mumeo mabuti tena! Huna kingine cha kusimulia?"

"Ndivyo nilivyovaa."

"Mtu akifika hapa anauliza, huyu mwanamke viatu vyake vilikwenda wapi?"

"Ndiyo," Naile alisema. "Anauliza."

Maji yalifurika kwenye ndoo, hakuna aliyefunga bomba.

"Umenitega."

"Nimechuma kutoka chini. Si wewe uliyenifundisha?"

"Nyoka wewe! Mwanzoni wangesema una kijicho tu. Sasa watatembea na wewe maisha mazima, ndipo wanikute mimi!"

"Basi usipige."

"Sipigi!"

Jioni hiyohiyo Asine aliibeba taipureta akihema, akaibwaga mlangoni kwa Naile mpaka kengele yake ikalia. "Uchafu wako upige mwenyewe," alisema, akampa mgongo.

Naile aliiweka mezani. Hakujua herufi zimekaaje, akawa anaitafuta kila moja kwa kidole kimoja. Ta. Kimya. Ta. Kimya. Kila herufi ilipita ukutani, pamoja na kila neno alilolisoma kwa sauti likikamilika, naye alijua kwamba upande wa pili mtu anasikiliza. Alipofika pale lori linapoondoka, ukuta ukapigwa kofi.

"Andika pia kwamba vilinibana!" Sauti ya Asine ilikuwa ya kukwaruza. "Vilikuwa vidogo! Nilivuja damu mpaka mjini!"

Kidole cha Naile kikasimama hewani. Hilo hakuwa analijua.

"Hilo," alisema, "andika kwenye kitabu chako."

Akatafuta herufi iliyofuata, akaigonga kwa nguvu.