Tawi la Breki

Majani ya mkalitusi yakiburutwa juu ya changarawe yanatoa harufu ambayo sijaipata mahali pengine. Ni kali kama dawa ya kifua, halafu ndani yake kuna vumbi, na nyuma ya vumbi kuna mpira wa tairi uliopata moto. Kwetu, juu kule kijiji cha Kwapa, upande wa Uganda, hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya breki. Baisikeli zetu zilikuwa zile nyeusi nzito, breki zake za chuma zilikufa kabla sisi hatujazaliwa, na ukiwa na gunia la mkaa kwenye keria huwezi kuuzuia mlima kwa kuburuta slipas chini. Kwa hiyo unaingia msituni, unakata tawi kubwa lenye majani mengi, unalifunga nyuma ya keria na kuliburuta. Tawi linakamata njia, baisikeli inashuka polepole kama ng'ombe aliyekataa kwenda mnadani. Ukisimama chini kwenye daraja la magogo, unawasikia watu kabla hujawaona, wanakuja wanaufagia mlima, na ile harufu inatangulia mbele yao.

Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Ni ule wakati wa ugonjwa, shule zilifungwa mpaka daftari zetu zikaliwa na mchwa. Mimi sikurudi tena. Kusoma vizuri nimejifunza mwenyewe baadaye, kwa magazeti yaliyofungiwa chapati na kwa simu yenye kioo kilichopasuka, na mtu akinicheka kwa hilo tunakosana hapo hapo. Kule Malaba, mpakani na Kenya, malori yalikuwa yamejipanga foleni isiyoonekana mwisho, madereva wanangoja kupimwa siku baada ya siku, wanapika chini ya trela zao kama watu waliohamia. Mkaa wao ulitoka kwetu. Asubuhi tunapanda na baisikeli tupu, mchana tunashuka na magunia, watoto na watu wazima pamoja. Mimi nilikuwa msichana peke yangu, miguu haifiki, nikipanda kwa kupitisha mguu katikati ya fremu, na nusu gunia nyuma.

Mkubwa wa mteremko ule alikuwa kaka yangu Okoth. Hakuna aliyemchagua, lakini alikuwa na miaka kumi na sita na alishuka haraka kuliko wazee wenye ndevu. Okoth ndiye aliyenibeba mgongoni nilipougua malaria, ndiye aliyekula fimbo za baba zilizokuwa zangu. Basi mimi nilikuwa upande wake. Akiwa sawa, niko upande wake. Akiwa na makosa, niko hapo hapo, na nilijua vizuri ni lini ana makosa. Watu wanasema mtoto haelewi. Uongo. Mtoto anaelewa, ila anachagua.

Halafu akaja Wandera. Mama yake alikuwa akiuza samaki wakavu Busia. Mpaka wa nchi ulipofungwa, biashara ikafa, wakaja kukaa kwa dada yake huku kwetu. Wandera alikuwa na miaka kumi na minne, mwembamba, miguu mirefu kama ya korongo. Siku ya kwanza tulimwita Samaki Mkavu. Siku ya pili akapanda mlima wote bila kushuka kwenye kiti. Nataka mnielewe hapa. Mlima ule una kona tatu, changarawe yake ni legevu, gurudumu la nyuma linateleza kama unakanyaga mahindi. Okoth mwenyewe alikuwa anashuka kona ya pili na kusukuma. Huyu mtoto wa samaki akapita pale ameketi, anapiga mluzi. Mzee mmoja wa mkaa akamwambia Okoth, "Mwalimu wako amekuja." Watu wakacheka. Okoth pia alicheka, ila mimi namjua kaka yangu, nilimwona masikio yamemwiva.

Tulikuwa na desturi yetu kwa mgeni. Tawi la breki linafungwa kwa kamba ya katani, na fundo linajificha ndani ya majani. Mgeni tunamwambia afunge kwa mpira wa tyubu, zile tepe tunazofungia magunia. Mpira ni mtamu kwa gunia, kwa tawi ni ujinga. Tawi likikwama kwenye mzizi, kamba inakaza tu na unasimama. Mpira unavutika, unavutika, halafu unalirudisha tawi kwa nguvu kama manati. Tulikuwa tunawafanyia kwenye kimteremko kidogo cha kule juu. Tawi linamchapa mgeni mgongoni, anaanguka kwenye nyasi, tunacheka, tunampa kamba, ameshakuwa mwenzetu. Mimi pia nilichapwa. Kila mtu alichapwa.

Siku ya Wandera kubeba mzigo wa kwanza, mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, msitu unatoa mvuke. Akafunga tawi lake kwa mpira kama alivyoambiwa, tukasogea kwenda kile kimteremko kidogo. Okoth akasema, "Huku ni kwa watoto. Huyu si nafanya mlima bila kushuka? Wacha yeye aanze na mkubwa."

Wakubwa walikuwa bado ndani ya msitu wanapakia, tulikuwa sisi watoto sita tu. Wandera hakuwa mjinga. Aliangalia tawi lake, akaangalia langu, akainama akafunua majani yangu kwa kidole.

"Awor, mbona yako ni kamba?"

Aliniuliza mimi kwa sababu jana yake tuligawana muhogo wa kuchoma na nilimfundisha matusi matatu ya Kidhopadhola, lugha ya kwetu. Nilimtazama Okoth. Okoth alikuwa anatazama miti.

"Mpira wangu umekatika jana," nikasema. "Wako ni mzuri kuliko kamba hii."

"Kweli, dada?"

"Nenda bana, wewe naogopa nini?"

Akaenda. Kona ya kwanza alipita vizuri, mpaka nikaanza kuona hasira, kwamba hata kwa mpira, huyu anashuka vizuri. Kona ya pili pana mzizi wa mvule unaovuka njia. Tawi likakwama pale. Yeye akaendelea, mpira ukavutika nyuma yake mrefu sana, sikuwahi kuona umevutika hivyo, halafu tawi likaruka mzizi na kuingia kwenye spoki. Baisikeli ilisimama yenyewe. Wandera hakusimama, mguu ulibaki ndani ya fremu na mwili ukaenda mbele, na gunia likaja juu ya vyote viwili. Tulicheka. Sitaki kusema uongo hapa. Mkaa ulikuwa unabingirika njia nzima na sisi tunacheka tumeshika matumbo. Kicheko kilikatika mmoja mmoja. Mimi nilikuwa wa mwisho, maana nilikuwa namwangalia Okoth nione kama ameacha.

Magari yalikuwa yamekatazwa, pikipiki zimekatazwa. Tulimweka kwenye keria ya baisikeli yake yenye gurudumu bovu, na ili asianguke tukamfunga kwa ile ile tepe ya mpira, mara tatu kiunoni, tukamsukuma mchana wote mpaka kwa mzee mmoja wa kuunga mifupa, upande wa Merikit. Kila jiwe la njia ile alililia. Nilisukuma mpaka viganja vikachubuka, na nilikuwa najisikia mtu mwema.

Mama yake alitukuta huko, amekuja kwa miguu, leso imeloa jasho. Okoth akamwambia, "Hakujua kufunga, mama." Yeye akanigeukia mimi. "Binti yangu, wewe ulikuwa rafiki yake. Ni hivyo?"

"Ni hivyo, mama."

Akanishika viganja, akaona damu, akanibariki. Mfupa uliungana vibaya. Mguu wa kulia umebaki mfupi kwa vidole vitatu, na kwa baisikeli vidole vitatu ni safari nzima.

Siku hizi mlima wetu una wageni. Wanatoka Kampala, Nairobi, wengine ng'ambo, wanakuja na baisikeli nyepesi unazoweza kuinua kwa mkono mmoja, tairi nene za changarawe, breki unazogusa kwa kidole, na njia yetu ya mkaa iko kwenye simu zao kama mstari mwekundu. Mimi ndiye ninayewaongoza. Wanapenda sana kona ya pili, wanasimama pale kwenye mzizi kupiga picha. Okoth yuko kwenye malori ya Juba, akipiga simu anauliza kuhusu wote nyumbani isipokuwa mmoja. Na mtu akimsema vibaya Okoth mbele yangu, mpaka leo nitamjibu.

Chini kwenye daraja kuna kibanda cha pancha. Ni cha Wandera. Anakaa kwenye kigogo, mguu mfupi ameuweka juu ya pampu, amezungukwa na tyubu kuukuu anazokata tepe kwa wembe, laini, zote sawa. Wageni wakifika na mizigo yao imelegea, yeye anawafungia, na wanashangaa jinsi anavyofunga, wanamuuliza alijifunza wapi.

"Muulizeni huyu," anasema, ananionyesha kwa mdomo. "Dada yangu huyu ndiye alinifundisha."

Wageni wanacheka, wananipongeza. Yeye anacheka pia, ananitazama mpaka mimi nicheke. Mara ya kwanza aliyosema hivyo nilijua kwamba anajua, tangu siku ile anajua, na kwamba mama yake bado hajui, maana yule mama angali ananiita binti na kunitumia samaki. Anasema kila kundi likija. Hajawahi kusahau.

Ipo njia nyingine ya kushuka, upande wa shule, pana na rahisi, haipiti darajani. Mwongozaji mwenzangu anaisifu sana, tumegombana mara mbili kwa kuwa mimi naikataa. Kesho nina wageni wanane. Tutashukia kona ya pili, na nimewalegezea kamba za mizigo, wasipite kibandani kwa Wandera bila kufungiwa.