Mtu wa Kumi na Mbili

Pale wizarani walimwita Nukta, na jina lilimkaa kama nguo ya kupimwa. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa karani wa vibali vya anga. Ndege yoyote ya jeshi la kigeni, kabla haijagusa ardhi, karatasi zake zilipita mezani kwake. Cheo cha kujivunia hakuwa nacho. Alikuwa na meza yenye mguu mmoja uliotegeshwa kwa gazeti lililokunjwa, rula ya chuma, na jicho ambalo kosa halikulipita. Barua alianza kuisoma mwisho, kwenye viambatisho, kwa sababu, alivyosema, kwenye ukurasa wa kwanza kila mtu ni muungwana.

"Wewe Nukta hata kadi ya harusi yangu uliirudisha," mama wa chai alipenda kumtania.

"Iliandikwa Jumamosi tarehe saba, na tarehe saba ilikuwa Ijumaa. Watu wangefika ukumbini wakamkuta fundi wa viti."

Jumatatu ile hapakuwa na utani. Mto ulikuwa umevunja kingo zake Jumapili alfajiri na kulifunika bonde lote alikozaliwa. Mdogo wake wa mwisho, muuguzi wa zahanati ya huko, ambaye nyumbani walimwita Kitinda hata baada ya kuota mvi, alikuwa juu ya paa la zahanati na wagonjwa tisa. Boti mbili zilijaribu kufika, mkondo ukazirudisha kama maganda ya ndizi. Kati ya helikopta mbili za jeshi la nchi, moja ilikuwa mbovu, nyingine ilikuwa mkoa wa mbali ikihamisha watu wengine. Nchi jirani ilikuwa imejitolea kuleta ya kwake, na sasa helikopta hiyo ilikuwa imesimama upande wa pili wa mpaka, tangi limejaa, ikingoja kibali.

Saa sita mchana Nukta alimpigia mdogo wake simu.

"Nimekuwa kunguru, Kaka," Kitinda alisema. "Nimekaa juu ya bati natazama mali za watu zinavyopita. Sasa hivi limepita kabati la mwalimu mkuu, na funguo zake mlangoni."

"Usiongee sana, tunza chaji."

"Si wewe uliyepiga?"

"Ndege inakuja. Karatasi zake nitazishika mimi mwenyewe."

"Basi zitakuwa safi," alisema, akacheka, akakata.

Kikao cha kutoa kibali kilikaa saa tisa, kwenye chumba cha mikutano chenye kiyoyozi kilichodondosha maji ndani ya ndoo. Upande mmoja wa meza walikaa watu wa mambo ya nje, upande wa pili wanajeshi. Nukta alikaa kwenye kiti cha ukutani, nakala ikiwa mapajani. Mkurugenzi wake aliisoma barua ya ubalozi kwa sauti: helikopta moja, askari kumi na mmoja, hakuna silaha, siku saba. Kanali, aliyekuwa na kauli ya mwisho kwa upande wa jeshi, hakupenda viatu vya majeshi ya watu kwenye udongo wake, na alikuwa amelisema hilo mara mbili. Lakini mafuriko ni mafuriko. Alitoa kalamu.

"Samahani, mkuu," sauti ilisema, na Nukta alichukua muda kutambua kwamba ilikuwa yake. "Barua inasema kumi na mmoja. Orodha ina majina kumi na mawili."

Tone la kiyoyozi liligonga ndoo.

Kanali alifunika kalamu. "Huyo wa kumi na mbili ni nani?"

"Ni kosa la mpiga chapa tu, Kanali," mkurugenzi alisema.

"Labda. Na labda si kosa. Askari wa watu aingie nchini bila hesabu, kesho mniulize mimi? Waandike upya."

"Mkuu, huenda nimehesabu vibaya," Nukta aliharakisha kusema.

Kanali aliivuta orodha, akashuka nayo kwa kidole, jina kwa jina. "Hukuhesabu vibaya. Mpeni huyu mzee soda. Angalau kuna mtu mmoja humu anayesoma."

Hakuingoja hiyo soda. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini alitoka mbio kama mtu anayeamini yanazoleka. Alikwenda ubalozini kwa miguu, maana magari yote ya wizara yalikuwa yamepeleka wakubwa uwanja wa ndege. Mwambata wa kijeshi alimpokea mlangoni, kijana mwenye macho mekundu kwa uchovu.

"Wa kumi na mbili ni daktari, mzee wangu. Ni raia. Tulimwongeza asubuhi tuliposikia kuna wagonjwa juu ya paa. Barua ilikuwa imeshachapwa."

"Ichape tena, nitaibeba mwenyewe."

"Balozi ndiye wa kusaini, na yuko uwanjani anakabidhi mablanketi. Kuna hotuba, kuna kamera. Kutoka huko anapaa na waziri kwenda kambini kwa waathirika. Atarudi kesho asubuhi."

"Saini wewe."

"Ningesaini. Lakini kanali wenu angeikataa." Kijana alimtazama kwa huruma. "Na wewe mwenyewe ungeirudisha, mzee."

Ilikuwa kweli.

Barua mpya ilisainiwa Jumanne saa nne. Kanali alisaini saa sita kasoro, bila neno. Kufikia hapo wingu lilikuwa limelala juu ya bonde, na rubani akasema hawezi kuruka asichokiona. Ndipo simu ya Nukta ilipoita.

"Kaka, ukuta wa upande wa mto umeondoka. Mmoja wa wagonjwa wangu ameondoka nao." Hakuwa akicheka tena. "Ndege imefika wapi?"

"Inangoja wingu lipande."

"Jana hakukuwa na wingu. Jana tulikuwa na jua kutwa nzima. Jana ilikuwa inangoja nini?"

Alifungua kinywa.

"Kaka?"

Simu ilikatika, na alipopiga tena aliambiwa haipatikani.

Helikopta iliruka Jumatano asubuhi. Ililiona bati la zahanati limekwama kwenye miti, mbali na lilipokuwa. Ilizunguka mpaka mafuta yakapungua, ikarudi na watu wake kumi na wawili, idadi ileile iliyokwenda.

Jioni jamaa walijaa nyumbani kwa mama yake. Mama alikuwa chini, miguu kainyoosha, akimweleza kila aliyeingia.

"Kaka yake ndiye aliyeipigania hiyo ndege. Hata ubalozini alikwenda kwa miguu na uzee wake huu. Serikali nzima ilikaa, mwanangu peke yake ndiye aliyesimama."

Shangazi aliushika mkono wa Nukta kwa mikono yake miwili. "Mungu atakulipa, baba."

Watu walimtazama, wakingoja. Ilikuwa sentensi moja tu, na alikuwa nayo ulimini tangu Jumatatu.

"Amina," alisema, na shangazi akasogea kumpisha akae.