Nilivyomwita Rashid Mwizi wa Alama

Naona haya, lakini acha niseme. Mimi na Rashid, mwenye duka mjini Kisii, huwaazima watafiti wa tabianchi nguvu za kompyuta zetu wapigie hesabu za mvua, tukishindana nani atapata alama nyingi za kazi hiyo. Juzi zangu zikakwama. Nikampigia simu, nikafoka kwamba ananiibia.

Badala ya kununa, akapanda boda hadi kwangu Manga aitazame kompyuta yangu. Ilikuwa imejizima kwa joto. Akafunua gunia lililokuwa kando ya mashine: mkungu wa ndizi, nilioufunika hapo uive kwa lile joto, umeziba feni.

“Mwalimu, hapa tunashindana ama tunavundika ndizi?”

Akauondoa mkungu, akapangusa feni, kompyuta ikawaka. Mungu ambariki! Cha kumshukuru nacho sikuwa nacho, ila zile ndizi. Zilikuwa zimeiva kweli kweli.