Mnazi Nilioupanda Kwenye Shaba

Vuta kigoda uketi, mwanangu, maana nitakayokueleza hayataki haraka. Nakumbuka asubuhi moja, miaka ya hamsini, nilipoiharibu kazi ya miezi mitatu kwa sababu shangazi yangu alicheka.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, nikijifunza kuchapa picha kwa Mzee Mhina, hapa hapa Nguvumali. Zamani mzee huyo alichonga majina ya mashamba ya mkonge kwenye mabamba ya shaba. Macho yalipoanza kumwacha, akaamua kufundisha. Karatasi tulitengeneza wenyewe. Machicha ya mkonge, yale yanayotupwa, tuliyachemsha na majivu, tukayatwanga kinuni mpaka yakawa uji, tukayachota kwa wavu na kuyaanika. Ilitoka karatasi nene, ya rangi ya chai ya maziwa. Bamba nalo tulilipaka nta, tukachora kwa sindano mpaka shaba ionekane, kisha tukalitia kwenye tindikali. Palipochorwa hulika, penye nta husalimika, na wino huja kukaa katika vile vijia vilivyolika. Siri yote ndiyo hiyo.

Mzee alibakiwa na bamba moja tu. Akanipa.

"Hili ndilo la mwisho, na mimi sitachonga tena. Chora unachokijua, hata kama hakina jina."

Nilichokijua ni Moa, kwao mama, pale maji yanapokupwa kwenye mikoko na kuacha matope yenye mikunjo. Nikachora mikunjo tu. Hapakuwa na mti wala mtu. Mistari inakwenda, inakutana, inasita. Nikachapa karatasi ya kwanza ya kujaribu, moyo ukanitulia.

Mara akaingia Shangazi Mwanaidi na sahani ya vitumbua. Akaiinamia ile karatasi.

"He! Kuku wamepita hapa?"

"Hapana, shangazi, hiyo ni..."

"Basi tia japo kamnazi, mama, watu wajue pa kutazama!"

Alicheka bila ubaya. Aliyekosa ni mimi. Hata vitumbua havijapoa, nilishalipaka bamba nta upya, nikachora mnazi na kibanda chini yake, nikalirudisha kwenye tindikali. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nilikuwa nayo, nikaazima ya mpita njia.

Mzee Mhina alipokuja nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akapitisha vidole juu ya bamba kama kawaida yake. Vidole vikasimama.

"Nani kapanda mnazi humu?"

"Ni mimi, mzee."

"Unazaa?"

Nikainama. Nikamweleza kuwa shangazi amesema watu hawataelewa.

"Vitumbua vyake ulivila?"

"Nilivila."

"Ulimwambia abadilishe unga?"

"La, mzee."

"Basi naye ungemwacha atazame, kama wewe ulivyokula."

Alinipa kikwanguo na kichupa cha mafuta, akaenda zake. Nilikwangua na kusugua wiki nne, mpaka vidole vikaota sugu. Mnazi ukatoka, kibanda kikatoka, lakini vivuli vyake havikutoka. Shaba husamehe, mwanangu, ila haisahau.

Siku ya kuchapa tulilowesha karatasi, tukapaka bamba wino na kufuta uliozidi, mzee mwenyewe akazungusha gurudumu la mashine. Nikamwita shangazi. Alisimama mbele ya picha mpaka nikadhani amekasirika.

"Bado sijui ni nini," akasema. "Ila miguu yangu inataka kuvua viatu."

Mzee Mhina akatabasamu, akaomba kiti.

Nimekwisha kuichapa picha ile mara nyingi, na kila mara hukitafuta kile kivuli cha mnazi pembeni. Sikukatazi kusikiliza watu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini kucheka kwa mtu si hukumu, na kukosa jina la kitu si kukosa kitu. Kazi yako ikichekwa, nawe mwenyewe hujaitazama vya kutosha, utaiharibu kwa kutaka kuwaridhisha watu ambao kesho hawatakumbuka walichosema.

Mungu akupe mkono mtulivu, na akupe wa kukuambia ukweli bila kukuvunja. Nawe ukimaliza kazi yako, ifunike kitambaa siku tatu, kisha ifunue uitazame peke yako kabla hujagusa hata mstari mmoja.